Kitambaa Nilichomshonea Obaa

Nilikishona kwa mkono, si kwa cherehani. Wateja wangu wa Alum Rock Road, huku kwa Waingereza, wakisikia hivyo watacheka, maana wanajua mimi Jokha binti Maulid sina subira ya sindano ya mkono hata kwa kifungo cha shati. Lakini kitambaa kile nilikaa nacho siku nne. Nikatarizi maua ya asumini, moja kila pembe, na kila ua nikaliombea dua. Laiti ningejua nilikuwa nakishonea nini.

Mwenye kitambaa alikuwa Obaa Kamado. Obaa ni bibi. Ndivyo wanavyowaita bibi zao watu wa Okinawa, vile visiwa vya kusini mwa Japani, na mimi pia nilimwita hivyo kwa sababu alikuwa bibi yake Morio, na Morio alikuwa wangu. Nasema alikuwa. Nitafika huko.

Alikuja dukani wiki tatu kabla ya sherehe yake, mvua ikinyesha, akisukumwa kwenye kiti cha magurudumu na Truphosa, Mkenya aliyekuwa akimhudumia kwa mwaka wa nne sasa.

"Jokha, huyu shosho amenisumbua tangu asubuhi," Truphosa alisema huku akikung'uta mwavuli mlangoni kwangu bila haya. "Nikamwambia si unitume tu mimi? Akakataa kabisa. Ati hiyo kazi lazima alete mwenyewe."

Obaa akanipa mfuko. Ndani mlikuwa na vazi lake kuukuu la rangi ya nili, limefumuliwa mishono yote na kukunjwa vizuri. Kiingereza chake kilikuwa cha maneno machache, lakini kila neno alilitia uzito wake. Akatandaza kile kitambaa juu ya meza yangu, akapima kwa shibiri za mkono wake mdogo, tano huku na tano huku, akanionyesha pa kukata.

"Cha kufungia zawadi," alisema. "Zawadi ya nyumba. Yako na Morio."

"Zawadi gani, Obaa?"

Akaweka kidole mdomoni na kucheka mpaka macho yakapotea. Kisha akakumbuka jambo jingine. "Na gauni. La Ijumaa ya harusi. Nitavaa kijani."

"Kijani, Obaa? Utatupiku maharusi!"

"Mimi ndiye mdogo," alijibu, na Truphosa akacheka mpaka akashika meza.

Nilipobaki peke yangu nikawaza sahani. Nikawaza birika na vikombe vyake sita. Kila mwanamke anayekaribia kuolewa ana ujinga wake, na wangu ulikuwa huo wa vikombe. Sikuuliza tena.

Morio nilimjua kwa njia ya nguo vilevile. Miaka mitatu nyuma jumuiya yao ilitaka vizibao vya wapiga ngoma, naye akatumwa kuleta vipimo, akapoteza karatasi njiani. Ikabidi nimpime yeye kama mfano wa wote. Nilizungusha utepe kifuani mwake nikasahau namba, nikazungusha tena, nikasahau tena. Yeye akasimama kimya, masikio yamemwiva, akiangalia dari kana kwamba kuna lifti ya kutengeneza, maana hiyo ndiyo kazi yake, fundi wa lifti. Vizibao vilitoka vikubwa vyote ishirini. Nikaenda ukumbini kwao Acocks Green kuvipunguza, na tangu siku ile kila Jumapili ya pili ya mwezi nikawa na sababu ya kwenda. Mara uzi umefumuka, mara utepe wa kichwani umechujuka. Hata sababu zilipokwisha nikaendelea kwenda. Mama yake, Bi Fumi, akaninunulia sufuria yangu peke yangu, akaizungushia mkanda mwekundu kwenye mpini ili isije ikagusa nyama ya nguruwe hata kwa bahati mbaya. Mkwe wa kunitengea sufuria ningempata wapi tena?

Na katika miaka yote hiyo mitatu hatukugusana. Utepe wa kupimia ulipita kati yetu siku ile, basi. Sisemi hivi kujisifu. Mara nyingi nilikuwa nikiangalia mikono yake ikipiga ngoma, nikarudi nyumbani nimechoka kuliko aliyepiga.

Nyumbani kwetu, mtaa wa Saltley, mambo hayakuwa mepesi. Morio alipokuja kuniposa, baba yangu Mzee Maulid alimkaribisha vizuri, akamtilia kahawa mwenyewe, kisha akamkazia macho.

"Mwanangu Morio, mimi sina neno na sura yako wala na kwenu," baba alisema. "Umesema utasilimu, vyema. Ila nataka usilimu moyo, si mdomo tu. Na nyumba atakayolala Jokha asiabudiwe humo ila Mwenyezi Mungu. Hilo unaliweza?"

"Naliweza, Mzee," Morio alijibu kwa Kiswahili alichojifunza dukani kwangu, kilichojaa maneno ya nguo.

"Jokha kanambia mna vibao vya wazee wenu waliokufa, mnavifukizia ubani."

"Ndiyo. Vipo chumbani kwa bibi yangu. Nitavipeleka Okinawa, kuna hekalu linalotunza vibao vya koo zisizo na mrithi. Wao watawaombea."

"Na bibi yako karidhia?"

"Ataridhia, Mzee."

Baba akanyanyua kikombe, akakinywa chote pole pole, akakirudisha kwenye sahani. "Sikukuuliza kama ataridhia," alisema.

Hata hivyo alikubali. Ikapangwa Morio atamke shahada Ijumaa ya mwisho wa Oktoba baada ya sala, na nikaha ifungwe palepale. Kazi ya kumwambia Obaa habari ya vibao ikabaki kwa Morio. Kila nilipomuuliza, jibu lilikuwa moja.

"Baada ya kajimaya, Jokha. Acha afurahie siku yake. Nitamwambia kesho yake."

Nami nikamkubalia. Sitamtupia yeye lawama yote, maana nilikubali kwa kichwa changu mwenyewe, tena kwa furaha, kwa kuwa hata mimi nilimwonea huruma bibi wa watu.

*

Kajimaya ni sherehe ya mtu aliyefikisha mwaka wa tisini na saba. Watu wa Okinawa husema mtu huyo amerudi utotoni, basi humpamba kwa vititia, vile vya karatasi vinavyozunguka kwa upepo, watoto wa kwetu huvitengeneza kwa makuti. Humpandisha gari la wazi wakampitisha mitaani. Anayemshika mkono na kunywa kidogo katika kikombe chake hupata sehemu ya umri wake.

Jumapili ile mvua ilikatika saa tano, kama iliyoombwa. Ranvir, jirani yangu wa duka la pili anayekodisha magari ya harusi, alitoa gari jeupe lisilo na paa, na tukalifunga vititia mia moja vyekundu na vya manjano. Obaa akakaa nyuma na koti jekundu, mablanketi mawili magotini na Truphosa ubavuni. Morio na wenzake walitangulia na ngoma. Pale kwenye maduka ya Acocks Green watu waliacha foleni zao wakatoka nje, kinyozi na mteja wake mwenye povu shavuni, wanawake na mikoba yao, kila mtu akipunga mkono bila kujua anampungia nani. Obaa aliwapungia wote, mmoja mmoja. Vititia vilizunguka vikivuma.

Morio alipogeuka na kuniona nikikimbia kando ya gari na kikasha changu cha sindano, alikosa pigo moja la ngoma. Mzee wa nyuma yake akamgonga mgongoni kwa kijiti. Nilicheka peke yangu mpaka ukumbini, na hiyo ndiyo mara yangu ya mwisho kucheka hivyo.

Ukumbini watu walipanga foleni mbele ya Obaa. Kila mmoja alimshika mkono, akainama, akanywa tone la pombe yao ya mchele. Nilibaki nyuma nikijifanya nanyoosha pazia. Bi Fumi akaja kunichukua.

"Njoo, Jokha. Obaa anakusubiri."

"Mama, ile pombe..."

"Njoo tu."

Obaa aliponiona alikisukuma kikombe kile pembeni, akachukua kingine kipya kutoka chini ya blanketi lake. Truphosa akamimina chai kutoka kwenye chupa. Ilikuwa chai ya asumini, wanaipenda sana wao, na harufu yake ikanipeleka moja kwa moja kwenye kikuba cha maua kifuani mwa marehemu mama yangu. Nikanywa. Obaa akanishika mikono miwili, ngozi yake laini na baridi.

"Tisini na saba," alisema. "Wewe. Na yeye. Wote wawili."

"Amin, Obaa," nilisema, na machozi yakanitoka ya furaha tupu. Morio alikuwa amesimama upande wa pili wa kiti. Tukaangaliana juu ya kichwa cha bibi yake, na nikaiona Ijumaa yetu wazi kabisa, nyumba, mlango, yeye akivua viatu. Siku tano tu zilikuwa zimebaki.

Ndipo Obaa akagonga meza kwa kiganja, na watu wakanyamaza.

Alisema kwa lugha yao, kwa sauti ndogo. Bi Fumi, aliyekuwa kando yangu, aliacha kupumua. Nilimsikia. Truphosa akatoka nyuma ya jukwaa akibeba kitu mikononi kwa uangalifu mkubwa, kirefu na kizito, kimefungwa katika kitambaa cha rangi ya nili. Niliziona pembe nne zikiwa zimekutanishwa juu kwa fundo. Niliyaona maua yangu ya asumini.

"Anasema nini?" nilimuuliza Bi Fumi.

Macho yake yalikuwa kwa Morio.

Obaa alifungua fundo mwenyewe. Ndani mlikuwa na kisanduku chekundu cha kung'aa, kirefu kama mkono wangu mpaka kiwiko, na ndani yake vijibao vidogo vimepangwa safu mbili, kila kimoja na jina la aliyekufa kwa maandishi ya dhahabu. Ndivyo vibao vyenyewe. Mama mkwe wa Obaa alikuwa amevibeba mgongoni wakati wa vita, hana viatu, hana chakula, ameacha kila kitu asiviache hivyo. Obaa akavipokea siku alipoolewa, avitunze kwa niaba ya mumewe. Mwanawe wa pekee, baba yake Morio, alikufa kabla ya kuvirithi, na jina lake lilikuwa humo sasa. Kwao havirithiwi na mwanamke, wala havipewi mgeni. Hurithi mtoto mkubwa wa kiume, akishakuwa na mke na nyumba.

Akishakuwa na mke. Ndoa yetu ndiyo iliyomfanya Obaa aone wakati umefika.

"Sasa ana nyumba," Obaa alisema kwa Kiingereza, akiniangalia mimi ili nielewe, uso wake umejaa fahari. "Sasa mimi napumzika. Jokha ameshona."

Watu themanini wakageuka kunitazama kwa upendo. Wazee wawili wakafuta machozi. Obaa akafunga tena fundo, akanyanyua mzigo ule, akamnyooshea mjukuu wake.

Morio akaniangalia. Sijui niliangaliwa kwa muda gani. Najua tu kwamba mikono ya Obaa ilianza kushuka kwa uzito, inchi kwa inchi, na bila mtu kupokea, vile vibao vingeanguka chini mbele ya watu wake wote siku ya kajimaya yake.

Morio akapiga magoti. Akapokea kwa mikono miwili, akainamisha paji la uso mpaka likagusa kitambaa changu.

Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Mimi nikaenda jikoni.

*

Alinifuata. Alisukuma mlango kwa bega maana mikono yote miwili ilikuwa imekumbatia mzigo. Hakuuweka mezani. Kwao hauwekwi popote tu, tena si karibu na sinki na mabakuli machafu.

"Jokha."

"Usisogee."

"Sikujua. Nakuapia sikujua kama angevitoa leo."

"Najua hukujua."

"Nifanye nini? Wewe ungefanya nini?"

"Ningepokea," nilimwambia. "Ndiyo maana nalia, Morio. Ungekataa ningekuchukia. Umepokea, na sasa sina pa kwenda."

Akasimama anatweta kama aliyepanda ngazi. "Sikiliza. Ijumaa iko palepale. Nitasilimu. Vibao vitakaa kwa mama, yeye atawasha ubani."

"Si ulinambia mwenyewe mwanamke havirithi?"

"Hatarithi. Atanishikia tu. Kwa muda."

"Mpaka lini?"

Kupitia mlango tulimsikia Obaa akicheka na mtu, kicheko chembamba cha mtoto. Morio akageuza kichwa upande ule, halafu akanirudia. "Mpaka..."

Nikamziba mdomo kwa kiganja changu.

Ilikuwa mara ya kwanza kumgusa. Midomo yake ilikuwa ya moto na mikavu. Yeye hakuweza kunishika, mikono yake imejaa. Alifumba macho tu. Nilisimama hivyo nikihisi pumzi zake vidoleni, na Mungu anisamehe, sikutaka kuondoa mkono.

"Usimalize," nilisema. "Nampenda. Leo kanitilia chai katika kikombe kipya. Unataka kila asubuhi niamke nimuulizie hali, nikiambiwa mzima nisijue nifurahi au nihuzunike? Sitaki kuwa mtu huyo."

Akatikisa kichwa chini ya kiganja changu. Nikautoa mkono.

"Basi nitamwambia leo," alisema. "Sasa hivi. Naenda."

"Leo, na vititia vyake kichwani? Utamwambia wazee wake wote wanakwenda kukaa na waliokosa watoto?"

"Kesho, basi."

"Kesho ndiyo iliyotufikisha hapa!" Nilipandisha sauti, nikaishusha haraka. "Tumesema kesho mwaka mzima, mimi na wewe."

"Nimwambie baba yako. Nitamwomba muda."

"Baba alikuwa na swali moja tu la kweli, Morio: hilo unaliweza? Moja. Ukamjibu uwongo bila kujua. Nikirudi leo nimwambie nini? Kwamba bwana harusi atasujudu Ijumaa msikitini na Jumamosi atawasha ubani kwa vibao? Hutaweza. Mimi nakujua. Wewe huwezi kudanganya hata utepe wa kupimia."

"Ningeweza kwa ajili yako."

"Na hapo ndipo ningekukosa kabisa."

Alilia bila kutoa sauti, na chozi lake likadondoka kwenye ua la asumini la pembe ya juu, lile nililolitarizi la mwisho. Nilitamani kulifuta. Nilitamani kumpokonya mzigo ule niutupe jalalani, nasema kweli, na wakati uleule nilitamani kuufunga fundo vizuri zaidi kwa sababu lilikuwa limelegea. Nikalifunga. Mimi mwenyewe, kwa vidole vyangu, nikalikaza fundo.

"Ijumaa usije," nilimwambia.

"Jokha, tafadhali."

"Usije. Baba nitamwambia mimi."

Mlango ukafunguliwa. Bi Fumi aliingia na sinia la mabakuli, akatuona, akaliweka sinia chini sakafuni kama aliyeishiwa nguvu. Alimtazama mwanawe, kisha mimi. Kwa muda alihangaika na maneno ya Kiingereza.

"Kila asubuhi nilisema leo nitamwambia," alisema. "Namletea chai, naona anafurahi, narudi na neno langu. Nilijua, Jokha. Nilijua yeye hajui. Nisamehe."

Akainama mbele yangu, mama mtu mzima, mpaka nikaona nywele zake nyeupe za utosini. Ningeweza kumkasirikia vipi? Alipoinuka alikwenda kwenye jiko, akafunua sufuria yenye mkanda mwekundu. Mvuke wa kuku na tangawizi ukatoka.

"Nimekupikia," alisema. "Kula kabla ya kwenda."

Sikuweza kula. Nilishika kijiko tu, ili asione vibaya.

Ndipo gambusi lao lenye nyuzi tatu likaanza kule nje, mwendo wa haraka haraka, na ngoma ikadakia. Nilijua maana yake. Kwao hakuna shughuli inayokwisha bila kachashi. Ni ngoma ya kufungia furaha, kila mtu husimama na mikono juu, wageni, wagonjwa, waliogombana asubuhi. Aliyebaki kitini huja kuvutwa.

Truphosa akachungulia mlangoni, jasho usoni, kititia kimechomekwa kwenye kilemba chake. "Nyinyi mnafanya nini huku? Shosho anakuitisha, Jokha. Amesema hakuna mtu anakaa." Akaona macho yangu. "Ai. Nini mbaya?"

"Vitunguu," nilisema.

"Hakuna vitunguu hapa."

"Truphosa, tafadhali."

Alinitazama, akamtazama Morio, akautazama mzigo aliokuwa ameubeba yeye mwenyewe dakika chache zilizopita. Akaelewa sehemu, nadhani. Akanishika mkono bila neno na kunitoa.

Watu themanini walikuwa wameinua mikono, viganja vikigeuka huku na huku, mguu mmoja mbele. Obaa alikuwa akicheza kitini, katikati yao, vidole vyake vikifunguka na kufumba. Alipiga kelele aliponiona. Nikaenda mbele yake, nikainua mikono yangu. Nilijua namna. Alinifundisha mwenyewe, miaka mitatu nyuma, siku ya vizibao vikubwa.

Nikacheza. Sijawahi kucheza vizuri namna ile, watu walinipigia makofi. Morio alitoka jikoni akasimama ukutani, mzigo kifuani, mtu pekee aliyeruhusiwa kutocheza kwa sababu mikono yake haikuwa tupu. Aliniangalia mwanzo mpaka mwisho. Nilimpa mgongo, kisha nikajikuta nimemgeukia, kisha mgongo tena.

Gambusi liliponyamaza, Obaa akanivuta karibu kwa kola ya gauni langu. Pumzi zake zilinuka asumini.

"Ijumaa," aliniuliza, "gauni langu ni tayari?"

Gauni lilikuwa tayari tangu Alhamisi. Linaning'inia dukani, kijani, na vifungo vitano vya lulu ambavyo hakuniagiza. Nilifungua mdomo nimwambie. Maneno nilikuwa nayo, nilikuwa nimetoka kuyatumia jikoni kumchapa nayo mjukuu wake. Alikuwa ananitazama kwa yale macho yanayopotea akicheka, kititia kimoja kwenye koti lake bado kikizunguka chenyewe.

"Tayari, Obaa," nilisema. "Kesho nitalipiga pasi."